Kometi Niliyoitangaza Kufa

Jumamosi, 14 Juni

Dunguni, jukwaa letu la kulindia mpunga. Anga safi mpaka kwenye miti ya mtoni. Mwezi haujachomoza bado. Kometi ipo pale pale hesabu inaposema, kusini, kati ya makundi ya nyota ya Msalaba na Nge. Duara dogo la ukungu, mkia hauonekani, katikati pamekaza kidogo. Mwangaza 8.5. Namba hizi zinakwenda kinyume: zikipanda, mwanga umepungua.

Darubini nimeifunga kwenye nguzo ya dungu kwa mpira wa baiskeli. Inakaa vizuri kuliko ile stendi niliyoacha nyumbani Viwanja Sitini.

Deusi amejinyoosha kwenye mkeka ananiuliza kama bado haijaanguka. Kila jioni swali hilo hilo. Haianguki. Ilishalizunguka jua na sasa inarudi zake huko mbali, na sisi wote tutakuwa tumezikwa ikirudi, kama itarudi. Mdogo wangu huyu ana shamba, mke na akili timamu, lakini kwake kitu cha juu chenye maana ni kwelea wanaokula mpunga.

Mpunga umekauka. Keshokutwa tunaanza kuvuna. Likizo ya shule ni wiki hizi tu, hivyo mchana mundu, jioni kometi. Mgongo umeshaanza kulalamika na kazi haijaanza.

Jumapili, 15 Juni

Misa kigangoni. Nimerudi nimeudhika.

Njiani Deusi kaniuliza kwa nini nimemnyima Mama Kulwa mkono wakati wa kutakiana amani. Sikumnyima. Sikuuona. Alikuwa kushoto kwangu, nadhani niligeuka kulia kabla hajaunyoosha. Deusi anasema hapana: mkono ulikuwa umenyooka, mimi nikatazama mbele, nikasalimia wa kulia, nikakaa. Benchi zima la nyuma limeona.

Ingekuwa mtu mwingine yangeisha. Mama Kulwa ni Msukuma, mifugo yao inakaa ng'ambo ya mfereji wetu. Mwaka jana ng'ombe wao waliingia kwenye mpunga wetu, tukayamaliza mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, tukanywa chai pamoja. Sasa itasemwa Mwalimu bado ana kinyongo, tena kanisani. Nawajua watu wa hapa. Mimi mwenyewe ningesema.

Halafu Deusi akaongeza, bila kuniangalia, "Dada, macho ulipima lini?"

Nimemwambia asianze. Najua anachowaza. Baba alipofuka kwa presha ya macho, akiwa na umri kama wangu huu wa miaka hamsini na nne. Inakwenda kwa ukoo. Kliniki waliniagiza nipime kila mwaka na sijatia mguu mwaka wa tatu sasa. Kwa nini? Kwa sababu nasoma maandishi ya kwenye kiberiti bila miwani. Kwa sababu nimesahihisha mitihani ya kidato cha nne yote na sikukosea hata alama. Na kwa sababu naogopa. Basi, nimeandika.

Jioni mawingu. Sikutazama.

Jumanne, 17 Juni

Siku mbili za kuvuna. Mikono imechanika. Jirani wa juu amechoma mabua na moshi umelala bondeni, hauna haraka ya kwenda popote.

Kometi 9.0. Imeshuka ghafla. Bwana Haule wa Njombe ameandika 8.6 kwenye kundi letu la simu. Tuko wachache tu tunaoifuatilia nchi nzima, na huyu ndiye anayejua kuudhi kwa upole. Ameuliza: "Mwalimu, huko bondeni mmechoma nini leo?"

Nimejiuliza mwenyewe, kwa utaratibu. Kama ni moshi, basi ungepunguza vyote, kometi na nyota ninazolinganisha nayo. Nyota hizo naziona sawasawa, kali, kila moja mahali pake. Nimevuruga fokasi ya darubini mpaka zikavimba zikalingana na ukungu wa kometi, kama inavyotakiwa. Bado kometi ilikuwa hafifu kuliko zote. Kwa hiyo si moshi. Ni kometi yenyewe.

Jambo moja limenisumbua. Kitu hafifu hakitazamwi usoni. Unakodoa pembeni yake kidogo, nacho kinajitokeza, maana gizani pembeni mwa jicho kunaona kuliko katikati. Ndivyo nilivyozipata zote, tangu ile ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu. Leo nilipokodoa kulia kwake, ikapotea kabisa. Nikakodoa kushoto, ikarudi nusunusu. Uchovu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimegonga bega kwenye nguzo ya dungu. Mara ya pili wiki hii. Deusi ameona.

Mawingu membamba. Hakuna kipimo.

Ijumaa, 20 Juni

9.5. Haule 8.7. Mwenzetu wa Dodoma naye 8.7.

Hizi si tofauti za kawaida. Watu wawili wakitazama kitu kimoja hutofautiana kidogo, mmoja ana anga bora, mwingine jicho bora. Si hivi. Lakini mimi ndiye niliye kwenye giza halisi. Njombe wana taa. Dodoma wana taa na vumbi. Mimi hapa taa ya karibu ni ya pikipiki inayopita barabara ya Malinyi.

Wazo limenijia na limekaa: inavunjika. Kometi ndogo ikishapita karibu na jua mara nyingine hulegea, ikatawanyika kama donge la udongo kwenye maji. Mwanga hupungua kwa mshtuko, katikati hulainika, kisha basi. Wa kwanza kuona ni yule mwenye anga la giza. Nimetandika karatasi nikachora vipimo vyangu. Mstari unateremka kama ngazi ya kisima. Vipimo vya wenzangu vinateremka pole pole, kama kitu kinachoondoka tu.

Nimefurahi, nakiri. Mara ya kwanza wiki hii nzima nimefurahi.

Jumamosi, 21 Juni

Nilivuka daraja asubuhi kwenda mjini kununua viroba na kamba. Pale Kibaoni nikashuka barabarani, nimetazama vizuri kwanza, na bodaboda ikanipitia mbele ya kifua. Sijui ilitokea wapi. Kushoto. Kijana akasimama mbele huko, akarudi kwa miguu, nikadhani anakuja kunitukana.

"Shikamoo mama. Nimepiga honi, nimepiga, unanitazama tu."

Nilimwambia marahaba, nikamwambia sikusikia. Honi nilikuwa nimeisikia. Pikipiki ndiyo sikuiona.

Nikakaa kwenye ngazi ya duka la pembejeo. Mwenye duka akanipa maji. Nilirudi shamba na viroba, kamba nimesahau. Deusi sijamwambia.

Anga safi jioni. Kipimo hakuna, niliipata na kuipoteza, niliipata na kuipoteza.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda Misa. Nimesema mgongo.

Haipo.

Nimetazama tangu giza lilipoingia mpaka shingo ikakakamaa. Mahali ninapajua: nimefanya hesabu ya njia yake upya, nimeangalia nyota za jirani moja moja, zote zipo. Katikati yao patupu. Nimetazama kulia, kushoto, nimetikisa darubini kidogo, maana mtikisiko husaidia. Patupu.

Nimeandika kwenye kundi. Nauweka ujumbe hapa kama nilivyouandika: "Kometi yetu imevunjika. Mwangaza umeanguka kwa zaidi ya daraja zima ndani ya wiki, na leo haionekani kabisa katika anga safi lisilo na taa. Nyota za kulinganishia ziko sawa. Tafadhali thibitisheni."

Sentensi ya mwisho niliiweka kwa adabu tu.

Jumatatu, 23 Juni

Wa Dodoma ametuma picha aliyoipiga jana jioni, saa ile ile nilipokuwa natazama. Kometi ipo katikati, nzima, mviringo, hata kamkia kameanza kuonekana kwa kamera. Haule ameandika 8.8, na chini yake: "Mama, mimi naiona. Pengine ukungu wa mtoni umekusumbua?"

Amenitengenezea mlango wa kutokea, mwungwana yule. Nami nimemjibu vibaya. Nimemwambia kamera haidanganywi lakini mwenye kamera anaweza kukosea tarehe. Mpaka sasa hakuna aliyeandika neno.

Tumepiga mpunga kutwa. Mama Kulwa alipita kwenye tuta na ndoo ya maziwa. Mwaka jana msimu kama huu alituachia galoni nzima. Leo amepita.

Nimemkaripia Deusi kwa sababu ya turubai. Turubai halikuwa na kosa, wala yeye.

Jumanne, 24 Juni

Leo nimejipima. Afadhali niandike upesi kabla sijapata sababu ya kutoandika.

Baada ya kula niliacha darubini. Nilisimama uwanjani kwa macho matupu, uso kusini. Nikaziba jicho la kulia kwa kiganja. Nikakodolea Msalaba, katikati yake, bila kucheza. Kushoto kwake ziko nyota mbili kubwa ambazo kila mtu anazijua, zinazouonyesha Msalaba ulipo. Ni miongoni mwa nyota angavu kuliko zote za anga la kusini.

Hazikuwepo.

Nikageuza jicho, zipo. Nikarudi kwenye Msalaba, hazipo. Najua jicho la kila mtu lina doa lisiloona, nimelifundisha kidato cha tatu kwa karatasi yenye nukta mbili. Doa hilo ni dogo, halimezi nyota mbili kwa pamoja na nafasi yote iliyo kati yake na ardhi. Nikaziba la kushoto, nikajaribu la kulia. Afadhali. Si zima.

Nilirudia mpaka Deusi akatoka akaniuliza kama nasali.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa. Nyota za kulinganishia nilizitazama usoni, na katikati ya macho yangu bado ni pazima. Kometi niliitazama pembeni, kama nilivyofundishwa, na pembeni ndiko kulikokufa. Niliikataa sababu ya moshi kwa hoja safi kabisa. Sikujihesabu mwenyewe ndani ya hoja.

Mkono wa Mama Kulwa. Nguzo. Pikipiki.

Nimemwambia Deusi. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Akasema, "Keshokutwa tunakwenda, dada. Mpunga utasubiri."

Jumatano, 25 Juni

Mvua ndogo asubuhi, si ya msimu. Tumefunika mpunga. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 27 Juni

Tulikwenda kliniki ya macho jana, mjini. Muuguzi alinipima presha ya jicho, akaita daktari apime tena. Daktari binti mdogo tu, ananiita mama, ana sauti ya kuomba radhi. Presha iko juu macho yote mawili. Akauliza kama kuna mtu wa ukoo. Nikasema baba. Akauliza nilipima lini mwisho. Deusi alitazama dirishani.

Amenipa dawa ya matone na barua ya kwenda Dar, kwenye mashine inayochora kile jicho linachoona na kile lisichoona.

Nilitarajia nitalia. Sikulia. Nina hasira tu, hasira isiyo na mtu.

Jumatano, 2 Julai

Basi kutwa nzima jana, leo kliniki. Deusi amelala kwenye kiti cha wageni na kofia usoni.

Mashine ni kama bakuli kubwa jeupe. Unaingiza uso, unakodolea nukta ya katikati, na kila taa ndogo ikiwaka popote unabonyeza kitufe. Kazi yangu kabisa. Nilimwambia yule kijana wa mashine kwamba nimetazama vitu hafifu maisha yangu yote, akatabasamu. Nilibonyeza bila kukosea. Kulikuwa na vipindi virefu ambapo hakikuwaka chochote, nikadhani mashine inapumzika.

Haikuwa inapumzika.

Karatasi imetoka. Miviringo miwili. Wa kushoto umekuwa mweusi upande mzima wa nje na juu, weusi unaingia mpaka karibu na katikati. Wa kulia una upinde mweusi juu, kama ukucha uliopigwa na nyundo. Daktari, mtu mzima huyu, hakunizungusha. Kilichokwenda hakirudi. Dawa ni kulinda kilichobaki, kila siku, maisha yote. Upasuaji wa jicho la kushoto huenda ukahitajika, atanipa jibu baada ya kuona matone yanafanyaje. Nikamuuliza kama ningekuja miaka mitatu iliyopita. Alipanga karatasi zake kwanza, ndipo akasema tungelinda zaidi.

Nikamuuliza kama nitafundisha. Akasema ndiyo, kwa muda mrefu, kama sitakosa dawa. Kuhusu nyota sikumuuliza. Jibu nilikuwa nimelishika mkononi.

Jumapili, 6 Julai

Tumerudi shamba. Mambo mawili nilikuwa nayaogopa, nimeyafanya yote leo ili yasilale.

La kwanza, kundi. Nimeandika: "Kometi haikuvunjika. Tatizo ni macho yangu, nina presha ya macho. Naomba vipimo vyangu vyote tangu Juni vifutwe, ni vibaya. Bwana Haule, na wewe wa Dodoma, niwieni radhi kwa maneno yangu." Nikazima simu, nikaenda kupepeta mpunga. Nilipoiwasha nilikuta pole nyingi, zile za watu wasiojua waseme nini. Haule ndiye aliyeandika kitu cha maana. Anasema hesabu zangu za njia ya kometi ndizo wanazozitumia wote, na wiki ijayo itaingia penye msongamano wa nyota, bila mahali kamili watapotea. Anaomba niendelee. Nimemjibu sawa.

La pili, Mama Kulwa. Nilimfuata nyumbani kwake baada ya Misa, ng'ambo ya mfereji, ng'ombe wananitazama. Alinipa kigoda, akabaki amesimama. Nilimwambia moja kwa moja: siku ile sikukunyima mkono, sikuuona, upande huu sioni. Nikamwonyesha kwa kiganja mahali giza linapoanzia.

Akazunguka nyuma yangu, akatokea kulia.

"Hapa je?"

"Hapo nakuona."

"Basi Jumapili nitakaa huku," akasema, akaingia ndani kuleta maziwa.

Pale ndipo nililia. Mbele ya ng'ombe.

Jumapili, 13 Julai

Shule imefunguliwa tangu Jumanne. Nimebadilisha meza ya mwalimu, nimeisogeza kona ya kushoto ili darasa lote liwe kulia kwangu. Nimewaambia wanafunzi sababu. Kidato cha tatu wameuliza maswali mazuri kuliko watu wazima. Mmoja amenishikia mlango siku nzima, nikamwambia mlango nauona.

Usiku naota naendesha baiskeli kijijini na barabara inazidi kuwa nyembamba. Naamka na kufumbua macho mara moja, kuhakikisha. Naogopa asubuhi zaidi kuliko giza. Gizani wote tunaona sawa.

Matone yanawasha. Deusi hunitilia akiwepo, nikijitilia mwenyewe dawa inaishia shavuni.

Jumamosi, 19 Julai

Shambani mwisho wa wiki. Mpunga wote umeshaondoka, yamebaki mabua na njiwa wanaookota. Dungu tutalibomoa wiki ijayo.

Nimefanya hesabu mchana nikawatumia wenzangu mahali pa kometi pa leo, karibu na mkia wa Nge. Haule ameipata, 9.3. Wa Dodoma 9.2. Anasema inazidi kuwa ndogo lakini imeshikamana vizuri.

Giza lilipoingia nimeelekeza darubini pale pale. Hakuna moshi, hakuna wingu, mwezi uko mbali kuchomoza. Nyota za jirani zote nimezikuta, nimezitaja moja moja. Katikati yao sikuona kitu. Nimekaa nayo hivyo kwa muda, nimepatazama bila kutafuta.

Mwezi uliopita niliandika haipo. Leo, kwenye safu ya mwangaza ya daftari la vipimo, nimeandika sikuiona, na kwenye safu ya mahali nimejaza namba zote.

Deusi ameita mara ya pili. Nateremka nikatiliwe dawa.